Kutoka Bandarini hadi Shamba la Jirani: Historia ya Chakula cha Shule Nchini Kenya

Januari 2009, Rais Mwai Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Mvua zilikuwa zimekataa, bei ya unga ilikuwa imepaa, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimewang'oa wakulima wengi wa Bonde la Ufa mashambani mwao. Miezi sita baadaye, katika mwaka huohuo wa dhiki, serikali ilifanya jambo ambalo ingekuwa rahisi kuliahirisha. Iliwachukua wanafunzi 538,000 waliokuwa wakilishwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ikawafanya kuwa jukumu lake yenyewe.

Ndani ya uamuzi huo mlikuwa na uamuzi mwingine, mzito zaidi. Chakula cha watoto hao hakingetegemea tena meli na malori ya msaada. Shule ingetumiwa fedha katika akaunti yake ya benki, na kamati yake ingenunua nafaka na maharage kwa wakulima na wafanyabiashara wa sehemu ileile. Mtoto angekula, na jirani yake mwenye shamba angepata soko. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mpango ambao Wakenya wengi wanaujua zaidi kwa harufu ya githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharage, saa sita mchana kuliko kwa jina lake rasmi: mpango wa kitaifa wa kuwalisha wanafunzi kwa mazao ya nyumbani.

Tunaikumbuka historia hiyo kwa sababu ina fundisho moja lililojirudia katika kila awamu. Chakula cha shule kimesimama imara pale ambapo jamii inayoizunguka shule imeshika fedha, mizani na mwiko. Kimeyumba kila uamuzi ulipohamia mbali na jiko.

Maziwa na magunia

Kizazi cha watu waliosoma shule za msingi katika miaka ya 1980 hakihitaji kukumbushwa Maziwa ya Nyayo. Rais Daniel arap Moi alitangaza mpango huo mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya kuingia madarakani, na pakiti za mililita 200 zikaanza kusafiri kutoka viwanda vya ushirika wa maziwa wa KCC hadi shule za pembe zote za nchi. Kwa watoto wengi hayo ndiyo yalikuwa maziwa ya kwanza kunywa kutoka kwenye pakiti. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, shule ikawa mteja mkubwa ghafla.

Mpango ule ulionyesha mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni kwamba dola inaweza kumfikia mtoto wa kijiji cha mbali kwa kitu kilichotoka kwa mkulima wa Kenya. La pili ni kwamba kitu kinachoendeshwa chote kutoka makao makuu hufa makao makuu yakiugua. KCC ilipozama katika madeni na usimamizi mbaya katika miaka ya 1990, maziwa yalianza kuchelewa, kisha yakapungua, na mwishoni mwa muongo huo yakakoma kabisa. Hakuna kijiji kilichoweza kuyaokoa, kwa maana hakuna kijiji kilichowahi kupewa sehemu ya kuyasimamia.

Sambamba na maziwa hayo, upande wa kaskazini na mashariki ya nchi, mpango mwingine ulikuwa ukiendelea kimya. Mwaka 1980 serikali na WFP zilianza kupika chakula cha mchana katika shule za maeneo kame na nusu kame, ambako familia nyingi huishi kwa mifugo na watoto huacha masomo mifugo inapohama. Baadaye shule za vitongoji duni vya Nairobi zikaongezwa. Magunia yaliyofika huko mara nyingi yalitoka ng'ambo: ngano iliyovunjwavunjwa, njegere za manjano zilizopasuliwa, mafuta ya kupikia katika makopo makubwa. Yaliteremshwa bandarini Mombasa, yakapanda malori, yakasafiri siku kadhaa hadi Turkana au Mandera.

Chakula hicho kiliwaweka watoto wengi darasani, na ni haki kukishukuru. Walimu wa maeneo kame wanajua kwamba siku sufuria isipopanda jikoni, madawati hubaki wazi. Hata hivyo, kwa karibu miaka 30 uzima wa mpango ulitegemea wahisani wa mbali, na mkulima wa Makueni aliyevuna ndengu nzuri kilomita chache kutoka shuleni hakuwa na nafasi yoyote ndani yake. Mfadhili alipopunguza mkono, shule zilipunguza milo. Mtoto alikula mazao ya bara jingine huku mazao ya mama yake yakikosa mnunuzi.

Wazo linaiva

Januari 2003, serikali mpya ya Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Watoto walimiminika. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2004. Madarasa yalijaa hadi chini ya miti, na swali la tumbo likaja pamoja na swali la dawati, kwani mtoto aliyezuiwa na karo sasa alikuwa ameingia darasani akiwa na njaa.

Mwaka huohuo wa 2003, viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Maputo wakaahidi kuweka angalau asilimia 10 ya bajeti zao katika kilimo. Chini ya NEPAD, mpango wa maendeleo wa umoja huo, likaibuka wazo la kulisha shule kwa mazao ya nyumbani, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizolikumbatia mapema. Hoja yake ilieleweka hata na asiyejua uchumi. Serikali hutumia fedha kununua chakula cha shule, na mkulima mdogo hukosa soko la uhakika. Kwa nini fedha hizo zisipitie kwake?

Jaribio la nyumbani lilianza mwaka 2005 kupitia Njaa Marufuku Kenya, mpango wa Wizara ya Kilimo. Sehemu yake moja ilizisaidia shule za maeneo yenye mvua ya kutosha kuanzisha milo kwa muda maalumu, kwa makubaliano kwamba jamii ingejiandaa kuubeba mzigo huo baadaye kwa mashamba ya shule na michango ya wazazi. Baadhi ya shule ziliendelea na nyingine zikalegea. Lakini msamiati wa mambo ulikuwa umebadilika. Mzazi hakuwa tena mpokeaji wa msaada; alikuwa mshiriki mwenye deni na haki.

Kwa hiyo mpango wa taifa ulipozinduliwa Julai 2009, haukuanzia patupu. Cha kuvutia ni kwamba mwezi mmoja kabla, mwezi Juni mwaka huohuo, Brazil ilikuwa imepitisha sheria inayotaka angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zinunue mazao ya wakulima wa familia. Nchi mbili zilizo mbali zilikuwa zimefikia wazo moja. Tofauti ni kwamba Brazil ililiandika katika sheria, na Kenya ililiacha katika miongozo ya wizara. Tofauti hiyo tutaiona ikizaa matokeo.

Jinsi sufuria inavyojazwa

Kipimo cha mtoto mmoja kwa siku kiliwekwa hivi: gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharage au jamii nyingine ya kunde, gramu 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi yenye madini joto. Katika karatasi ni kidogo. Katika ghala ni kingi. Shule ya watoto 400 inapika kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharage kila siku. Kwa muhula wa siku 65 za masomo, hiyo ni magunia 43 ya mahindi ya kilo 90 na karibu magunia 12 ya maharage. Kwa kijiji ambacho soko lake ni gulio la mara moja kwa wiki, shule moja kama hiyo ni mnunuzi mzito.

Katika muundo wa mwanzo, fedha zilitoka Wizara ya Elimu moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Kamati ya chakula, yenye wazazi na walimu, ilitangaza zabuni mahali watu wanapopita: ubao wa shule, sokoni, kanisani au msikitini, ofisi ya chifu. Maombi yalifunguliwa mbele ya watu. Mshindi alileta chakula, kikapimwa kwa mizani, kikakaguliwa, kikaingia ghalani, na kila kilo iliyotoka iliandikwa kitabuni.

Ukaguzi huo una historia chungu nyuma yake. Mwaka 2004, watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui huko Ukambani, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu ambayo sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Ndiyo maana kanuni inasema unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na ndiyo maana afisa wa afya ya umma ana kazi katika ghala la shule. Kununua kwa jirani hakumaanishi kununua kwa macho yaliyofumbwa. Katika maeneo ambako maafisa wa kilimo waliwafunza wakulima kukausha mahindi juu ya turubai na kuyapima unyevu, faida ilivuka ua wa shule, kwa sababu mahindi yaliyo salama kwa mwanafunzi ni salama pia kwa familia iliyoyalima.

Ushindi wa zabuni haukuwa rahisi kwa mkulima mdogo. Mwenye ekari mbili hawezi kutoa magunia 43 peke yake. Alihitaji kikundi, kikundi kilihitaji usajili na akaunti ya benki, na zabuni ilihitaji stakabadhi za kodi. Wafanyabiashara wa miji midogo walikuwa nazo tayari, na mara nyingi ndio walioshinda, wakauza mahindi waliyoyachukua mbali. Pale vikundi vya wakulima vilipopata mtu wa kuviongoza katika makaratasi, hali ilibadilika. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na vikundi vya akina mama vilivyojua kuutumia mlango huo vilifika hadi kwenye lango la shule.

Kazi isiyoandikwa katika bajeti

Ukisoma bajeti za mpango huu utaona nafaka, maharage, mafuta na chumvi. Hutaona maji, kuni, wala mshahara wa mpishi. Vitu hivyo viliachiwa jamii tangu mwanzo, na jamii imevibeba.

Mtoto anayetoka nyumbani asubuhi na kijiti cha kuni mkononi na kidumu cha maji ni picha ya kila siku katika shule nyingi za maeneo kame. Wazazi huchanga fedha za kumlipa mpishi, au humlipa kwa zamu ya kulima shamba lake. Akina baba hujenga jiko na kuezeka ghala. Akina mama huamka kabla ya mapambazuko, kwa sababu mahindi na maharage makavu hayasubiri; yasipoanza kuchemka mapema, saa sita itafika githeri ikiwa ngumu. Haba na haba hujaza kibaba, na katika mpango huu kibaba hicho kimejazwa kwa nguvu za watu ambao majina yao hayako katika ripoti yoyote.

Mchango huu unastahili heshima, na heshima hiyo isiwe kisingizio cha kuwaelemea. Mzazi anayeombwa kuni katika nyika isiyo na miti anaombwa kitu kigumu. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa kidumu cha maji amenyimwa masomo na chakula kwa pamoja. Shule zilizopata majiko ya kubana matumizi ya kuni na matangi ya kuvuna maji ya mvua zimepunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa, na ni wazi kwamba shilingi iliyowekwa katika jiko bora ni sehemu ya chakula sawasawa na shilingi iliyowekwa katika mahindi.

Kuna faida nyingine ambayo ni vigumu kuipima. Mzazi aliyehesabu magunia yakiingia ghalani ana sababu ya kurudi kuuliza yalivyotumika. Kamati za chakula zimewafundisha wanawake wengi wa vijijini kusoma taarifa ya benki, kulinganisha bei na kumuuliza mwalimu mkuu swali mbele ya mkutano.

Makabidhiano ya mwaka 2018

Makubaliano kati ya serikali na WFP yalikuwa kwamba kila mwaka takriban wanafunzi 50,000 zaidi wangehamishwa kutoka chakula cha msaada hadi mpango wa taifa. Maeneo ya nusu kame yalitangulia, kwa kuwa huko kuna mashamba na masoko. Kaunti kame zilifuata mwishoni. Katika Turkana, Garissa, Wajir na Mandera, soko lenyewe lilikuwa jambo la kujengwa: barabara mbovu, wafanyabiashara wachache, mavuno yasiyotabirika.

Mwaka 2018 makabidhiano yakakamilika. Baada ya karibu miongo minne, WFP iliacha kuleta chakula katika shule za Kenya, ikabaki na kazi ya ushauri na mafunzo. Mpango ulikuwa ukiwafikia wanafunzi takriban milioni 1.6. Mwaka huohuo serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa lishe na milo shuleni, ulioziweka meza moja wizara za elimu, afya na kilimo, na kusema wazi kwamba mlo wa shule unapaswa kuwa na aina mbalimbali za vyakula, siyo nafaka na maharage peke yake. Leo mpango huu uko chini ya Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji, NACONEK, chombo kilichoundwa kwa ajili ya watoto wa jamii zilezile ambako chakula cha shule kilianzia.

Ni nchi chache zilizowahi kuvuka daraja hilo kutoka msaada hadi bajeti yao wenyewe. Kenya ilivuka, na Wakenya wana haki ya kujivunia.

Misukosuko

Fahari isitufiche ukweli. Adui wa kwanza wa mpango huu amekuwa kalenda ya hazina. Mahindi hushuka bei mara baada ya mavuno na kupanda miezi ya kiangazi. Shule iliyopata fedha wakati wa mavuno hununua kwa wingi kutoka kwa mkulima. Shule iliyopata fedha miezi mitatu baadaye hununua kidogo, kwa bei ya juu, kutoka kwa mwenye ghala mjini. Mgao ukichelewa muhula mzima, watoto hula siku chache kuliko zilizopangwa. Mkulima mdogo aliyeuza kwa mkopo hawezi kungoja malipo kama mfanyabiashara awezavyo, na akicheleweshwa mara moja harudi tena.

Adui wa pili ni ukame. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki ya nchi. Mifugo ilikufa, familia zikahama, na nafaka ya karibu haikuwepo ya kununuliwa. Kabla ya hapo, Machi 2020, shule zote zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya Korona, na madarasa mengi yakabaki yamefungwa hadi Januari 2021. Kwa watoto waliotegemea mlo wa shule, miezi hiyo ilikuwa ya njaa.

Katika misukosuko hiyo serikali ilielekea zaidi kwenye ununuzi wa pamoja: mchele, maharage na mafuta yakinunuliwa kwa wingi kutoka kituo kimoja na kusambazwa kwenye kaunti. Sababu zake si za kupuuzwa. Katika kijiji kilichoungua kwa ukame, fedha katika akaunti ya shule haziwezi kuotesha mahindi. Lakini dawa ya dharura ikinywewa kila siku huwa chakula, na hapa ndipo pengo la sheria linapoonekana. Brazil iliyoandika asilimia yake katika sheria haikuweza kuiacha kirahisi, bali mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuipandisha hadi 45. Kenya, kwa kuwa haikuweka kiwango chochote, imeona uzito wa manunuzi ukihama kutoka kijiji hadi ghala kuu bila mjadala wa maana bungeni. Mkulima wa kikundi aliyezoea kuiuzia shule ndengu zake sasa hutazama lori likimpita barabarani.

Mboga zilizosubiri mlangoni

Kuna jambo ambalo githeri haikuwahi kulitatua. Mahindi na maharage yanashibisha na yanajenga mwili, lakini mtoto anahitaji pia vitamini na madini ya mboga na matunda. Kipimo cha taifa hakikuwa na jani hata moja. Na mboga ndiyo zao ambalo haliwezi kutoka ghala kuu, kwani managu yaliyochumwa asubuhi hunyauka jioni. Anayetaka mtoto ale mboga mbichi hana budi kununua kwa jirani.

Hapa kazi ya Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ina nafasi yake katika historia hii. Kwa miaka mingi mboga za kienyeji kama managu, saga, terere, kunde na mrenda zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini, na katika mashamba zikang'olewa kama magugu. Utafiti wake ulionyesha utajiri wa mboga hizo wa chuma, protini na vitamini, na jinsi zinavyovumilia ardhi na mvua za hapa kuliko mboga za kigeni. Zilirudi sokoni, zikapanda hadhi hadi rafu za maduka makubwa ya Nairobi.

Kaunti ya Busia ilizileta shuleni. Katika miaka ya 2010, kupitia mradi wa kimataifa wa bayoanuwai na lishe ulioziunganisha Kenya, Brazil, Sri Lanka na Uturuki, vikundi vya wakulima wa Busia vilifunzwa kuzalisha mboga za kienyeji na kuziuzia shule, na walimu wakuu na wapishi wakafunzwa kuziagiza, kuzipika na kutunza ladha yake. Somo la Busia lilikuwa dogo kwa eneo na kubwa kwa maana. Mkulima akijua wiki mbili mapema kwamba shule inataka terere siku ya Jumanne na kunde siku ya Alhamisi, atapanda kwa ratiba. Shule ikilipa kwa wakati, atapanda zaidi.

Kuna pia shamba la shule yenyewe. Vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962 na kuwafunza watoto wengi kulima na kufuga kabla ya kufifia. Vilifufuliwa mwaka 2021, wakati mtaala wa umilisi ulikuwa ukikipa kilimo nafasi mpya darasani. Kitalu cha sukumawiki na mchicha hakiwezi kulisha shule nzima kila siku. Kinaweza kumfundisha mtoto kwamba kula mboga ni jambo la kawaida, na kwamba mikono yake inaweza kuzalisha.

Ruiru na Nairobi

Mjini hadithi ni tofauti, kwa sababu shule haina shamba jirani na mzazi hana kuni za kuchanga. Mwaka 2012 Wawira Njiru, aliyekuwa akisomea lishe Australia, aliandaa chakula cha Kikenya kwa marafiki ili kuchangisha fedha, akajenga jiko la muda Ruiru na kuanza kulisha watoto 25. Jiko hilo likakua kuwa shirika la Food4Education. Mbinu yake ilikuwa kupika katika jiko kuu kwa mvuke, kupakia chakula cha moto katika vyombo na kukisafirisha hadi shuleni. Mzazi hulipa kiasi kidogo kwa M-Pesa, na mtoto hugusisha bangili yenye kifaa cha utambuzi apate sahani yake, bila kujulikana nani amelipiwa na nani amelipa.

Juni 2023, Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ilizindua Dishi na County pamoja na shirika hilo. Mtoto hulipa shilingi 5 kwa mlo na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na washirika wake. Mojawapo ya majiko ya Food4Education limejengwa kwa uwezo wa milo 60,000 kwa siku. Wali, maharage, ndengu na kabichi hutoka humo kabla ya kengele ya mchana.

Wapo wanaoona jiko kuu la mjini na kamati ya kijijini kama wapinzani. Historia inaonyesha vinginevyo. Kilichowapa uhai wote wawili ni mchango wa mzazi, hata ukiwa shilingi 5, na ahadi kwa mkulima. Jiko linalopika milo elfu 60 linaweza kuwa soko la maelfu ya wakulima wadogo wa Kiambu, Kirinyaga au Machakos, ikiwa mikataba yake itaandikwa kwa ukubwa ambao vikundi vyao vinaumudu.

Kuelekea 2030

Kenya ni mwanachama wa muungano wa kimataifa wa milo ya shule ulioanzishwa mwaka 2021, na imeahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 kila mwanafunzi wa shule ya msingi atapata mlo, jumla ya watoto wapatao milioni 10. Rwanda, jirani yetu, tangu 2021 imeufanya mlo wa shule kuwa wa wanafunzi wote wa shule za msingi na sekondari, kwa fedha za serikali na michango ya wazazi. Inawezekana.

Ili ahadi ya Kenya itimie kwa namna inayodumu, mambo matatu hayana budi kufanyika. Bunge liandike katika sheria sehemu ya fedha za chakula cha shule itakayonunua mazao ya wakulima wadogo wa eneo husika, na maeneo ya ukame yawekewe utaratibu wao. Hazina itume fedha wakati wa mavuno, si baada yake. Na kipimo cha taifa kiongezewe mboga mbichi, zinunuliwe karibu na shule, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuzinunua.

La nne linatuhusu sisi wasomaji. Tangu 2016, Umoja wa Afrika huadhimisha tarehe 1 Machi kuwa Siku ya Afrika ya Chakula Shuleni. Usingoje tarehe hiyo ifike kwa hotuba. Nenda katika shule iliyo karibu nawe, uulize kamati ya chakula ni nani, ghala lina magunia mangapi, mpishi analipwa na nani, na mboga zinatoka wapi. Kama una shamba, waulize wanataka nini muhula ujao. Kama huna, chukua nafasi katika kamati. Watoto watakaokula saa sita kesho ni wa kijiji kizima, na kijiji kizima kinadaiwa jibu.